Kiti cha magurudumu uwanja wa ndege: uzoefu wangu na mama

Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Sokoni anakwenda na kurudi kwa miguu, ila zile korido ndefu za viwanja vya ndege haziwezi. Mwaka huu nilimpeleka London kwa dada yangu, tukaunganisha ndege Doha, na kilichotuvusha vizuri ni huduma ya kiti cha magurudumu. Ni bure, jamani. Wengi hawaiombi kwa kudhani ni ya mtu aliyepooza tu.

Mama mwenyewe alikataa katakata. "Mimi siumwi, watu wataniangaliaje?" Mpaka shangazi alipompigia simu kumwambia kuwa naye alisukumwa alipokwenda kutibiwa India, ndipo akalainika.

Safari yake ya kwanza, kwa shirika jingine, alikwenda peke yake na nilikosea. Niliomba kiti siku ile ile, pale kaunta. Tukaambiwa vilivyopo ni vya walioomba mapema, tusubiri. Akaishia kusimama foleni ya uhamiaji mpaka miguu ikavimba. Kule alikounganisha ndege walimpatia kiti, wakamweka pembeni karibu saa nzima, amebanwa na haja ndogo na hana lugha ya kumwambia mtu. Aliponisimulia niliumia sana.

Safari hii niliwapigia simu shirika mara tu baada ya kununua tiketi. Mashirika mengi yanataka uombe angalau saa 48 kabla ya kuruka. Watakuuliza hali ya abiria, na hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu jibu lako linageuzwa herufi nne. WCHR ni anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi, lakini ndani ya ndege anajikokota mwenyewe. WCHC anahitaji kusaidiwa mpaka kwenye siti. Mama tulimwandikisha WCHS, maana ngazi za ndege ni adhabu kwake. Omba uthibitisho wa maandishi, uhakikishe hizo herufi zipo.

Pale Dar, Jengo la Tatu la Abiria, mizigo inapita kwenye mashine mlangoni kabla hata hujafika kaunta, kwa hiyo dawa zake niliziweka juu kabisa ya mkoba. Ana sukari. Insulini usiiweke kwenye begi kubwa, huko chini inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Tulikuwa na barua ya daktari na hakuna aliyetusumbua. Achari yake ya embe ndiyo niliyoihamishia begi kubwa, kwa sababu chupa ilizidi mililita 100 na ingeishia kwenye pipa la ukaguzi. Kijana aliyemsukuma alitupitisha ukaguzi na uhamiaji bila kukaa foleni.

Doha, katikati ya uwanja, kuna lile dubu kubwa la manjano lenye taa kichwani. Mama akanyoosha mkono: "Simama, baba, nilione." Msukumaji hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alisimama, akageuza kiti, akachukua simu yangu akatupiga picha. Mama ameshika ushungi kwa mkono mmoja, anacheka meno yote nje.

Kasoro ipo. Mwenye kiti huingia ndege kwanza lakini hutoka mwisho, abiria wote wakishashuka. Ukikata tiketi yenye saa moja tu ya kuunganisha, unajitafutia presha. Sisi tuliacha saa tatu na hazikuwa nyingi. Na msindikizaji kwa kawaida ni mmoja, msiende ukoo mzima mkidhani mtapitishwa wote.

Kurudi alirudi peke yake. Nilimwandikia karatasi kwa Kiingereza, herufi kubwa: hajui Kiingereza, ana sukari, asikae muda mrefu bila kula, tafadhali mpelekeni chooni kabla ya geti. Akaiweka pamoja na pasipoti. Anasema kila aliyempokea aliisoma, na Doha dada mmoja alimpeleka chooni kabla hajaomba.

Mdogo wangu alimpokea Dar. Alitoka mlangoni amekaa kwenye kiti, mkoba mapajani, na alikuwa ameshajua kwamba kijana anayemsukuma ni mtu wa Muheza, na kwamba yeye Mama na babu wa kijana huyo wanafahamiana.