Jahazi limekauka, na anayelijua kapigiwa filimbi

Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Si zamani nilimpeleka ami yangu kwenye jumba moja la makumbusho huku pwani. Jina naliacha. Tulikwenda kwa ajili ya jahazi tu. Sahani za Kichina na milango ya nakshi tumeviona tangu utotoni. Ami amepita miaka 80. Ujana wake wote alikuwa baharia kwenye majahazi ya Lamu yaliyobeba boriti za mikoko, na Kenya ilipopiga marufuku boriti kuuzwa nje mwaka 1982, kazi ikapungua, akashika tezo ya kuchongea na keke ya kutobolea, akawa fundi wa vyombo.

Kibao kimeandikwa "dau". Jamani! Dau limechongoka mbele na nyuma. Hili ni jahazi: tezi lake, yaani nyuma, limekatwa bapa, omo, yaani mbele, limesimama wima kama yalivyo ya Lamu, na macho yake mawili ya mviringo, yale ya pambo, yapo pale pale mbele. Hilo nililimeza.

Ami alilizunguka kimya. Alipofika ubavuni akainama, akapenyeza ukucha baina ya mbao mbili. Ukucha ukazama, kidole kikafuata. Akachomoa uzi wa pamba uliokauka hadi unavunjika. Ndiyo kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, iliyobaki.

Filimbi ikalia. "We mzee! Toa mkono! Hujui kusoma?"

Kijana wa ulinzi, umri wa mjukuu wake. Shikamoo hakuna. Watu wote wakageuka. Ami akaurudisha ule uzi mahali pake, akaushindilia kwa kidole gumba, akasema, "Niwie radhi, mwanangu." Yeye ndiye aliyeomba radhi! Mimi sikuomba. Nilipaza sauti, na wakituuliza tena nitapaza tena.

Kwa sababu chombo cha mbao hakitunzwi kama mtungi. Kikiwa majini mbao hunywa, huvimba, hubanana. Kikipandishwa ufukweni hutiwa pamba yenye mafuta kwenye nyufa, hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ubavuni, na chini hupakwa shahamu, mafuta ya mnyama, iliyochanganywa na chokaa. Ukikiweka chini ya paa la bati mwaka baada ya mwaka, kikavu kitupu, kinafumuka chenyewe. Hawa wamekipaka vanishi nje king'ae kwenye picha. Ndani, mataruma mawili, zile mbavu za chombo, yameachia misumari. Nimeyaona kwa macho yangu. Kiingilio wanachukua, lakini debe la sifa hawana? Na mtu pekee mle ndani aliyejua ugonjwa wa lile jahazi ndiye waliyemfukuza.

Nilikusudia kuwaambieni msiende kabisa. Njiani nikamwambia ami hivyo, naye akakataa. "Waende. Watoto waende. Wasipoliona hilo wataona nini?" Kisha akaniuliza kama nililinusa. Sikuwa nimelinusa. Alikuwa na maana ya ngama, tumbo la chombo kule chini kabisa, ambako yeye aliinamisha kichwa kabla filimbi haijalia.

Basi juzi nikarudi peke yangu, nikalipa tena, nikainama. Bado linanuka. Mafuta ya papa, yale yale ya kanzu ya kazi ya ami iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa jikoni kwetu, nikikatazwa kuigusa kabla ya kula. Nilikaa nimeinama hadi shingo ikauma.

Kwa hiyo nendeni, ingawa huduma yao siisamehi. Msianze na kibao. Piteni upande wa tezi, pale vanishi haikufika, mtazame ubao wa tatu kutoka chini: alama za tezo zimepangana kama magamba ya samaki changu, moja baada ya moja, hadi kwenye fundo la mti. Hapo fundi amegeuza mkono, akalizunguka fundo, akaendelea.