Nozo za Fuso yangu: niliambiwa ninunue sita, nikaishia kubadili ncha mbili

Naandika hii nikiwa bado na hasira kidogo, maana mwezi mzima nimemwaga hela kwenye nozo (vile vifaa vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini), kitu ambacho kingeisha siku moja, na najua tupo wengi hapa Dodoma wenye lori moja moja la kujitafutia tunaoambiwa maneno yaleyale.

Mi ni mama mwenye lori la Fuso Fighter tandamu (ekseli mbili nyuma), injini 6D16, ile ya zamani yenye pampu ya kawaida isiyo na mambo ya kompyuta. Kazi yake kubwa ni Mafinga, inaenda na mashudu ya alizeti inarudi na mbao, tangu serikali ihamie huku watu wanajenga kila kona, Nzuguni, Ihumwa, Mtumba huko, mbao hazilali. Sasa dereva wangu akaanza kulalamika gari haipandi Nyang'oro. Ule mlima ukishaiacha Mtera ukiwa na mzigo lazima uuheshimu, sawa, lakini sasa ilikuwa inapanda na gia ya pili, moshi mweusi nyuma mpaka wa gari ndogo wanawasha taa mchana. Asubuhi ikiwashwa inatetemeka kama ina homa na kutoa moshi mweupe unaochoma macho, dakika kumi hivi ndo inatulia. Mafuta nayo, kwenda na kurudi Mafinga ni kama kilomita 680, ilikuwa inatumia lita 200 na kidogo, ikafika 240. Mwanzo nilijua dereva ananichotea, nikamsema vibaya sana na nilishamuomba msamaha.

Kosa la kwanza ni langu. Duka moja la spea waliniuzia dawa ya kumimina kwenye tangi, 35,000, eti inasafisha nozo zenyewe ukiwa unatembea. Tukamimina, gari ikaenda Kibaigwa ikarudi, hamna kitu. Baadaye nimeelewa ile dawa inaweza kusaidia uchafu mwepesi, ila kama chuma kimeshalika utamimina mpaka ufilisike, dawa hairudishi chuma.

Kosa la pili ni gereji niliyopeleka, jina silitaji. Kijana akafungua nozo zote sita, akazitupa kwenye beseni moja la petroli, akachukua brashi ya waya akasugua ncha mpaka zikang'aa kama vijiko vya harusi. 60,000. Nilifurahi kwa kuangalia maana kweli ziling'aa. Akazirudisha na washa (vile vibati vya duara vya kuzibia chini ya nozo) zilezile za zamani, gari ikawa mbaya kuliko ilivyokuja, na sasa kuna sauti ya chu chu chu kwenye kichwa cha injini. Namuuliza, ananijibu "Mama hizi zimechoka, nunua sita mpya, usafi ulikuwa wa kubahatisha tu." Yaani ananiambia baada ya kumlipa! Sita mpya kamili nikaulizia, 170,000 moja, piga hesabu mwenyewe, ni milioni na elfu ishirini kabla ya ufundi.

Ndo dereva akaniambia mama, tusinunue kwanza, twende kwa fundi pampu, wa pampu za dizeli na nozo. Mi nilikuwa sijui kama kuna fundi pampu na fundi wa kawaida, kumbe ni kazi mbili tofauti. Huyu ni mzee wa makamo, hana haraka kabisa, kibanda chake kisafi kuliko jiko langu na hilo ndo lilinifanya nikae. Nikavuta kigoda nikasema leo sitoki hapa mpaka nione kwa macho.

Kwanza hakufungua kitu. Aliuliza filta ya dizeli imebadilishwa lini, akatoa filta ya hewa akaigonga chini (vumbi la Kondoa lilitoka hapo ungeweza kufyatulia tofali), akakagua mipira ya turbo kama inavuja, maana alisema moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa chache, na watu wengi wananunua nozo kumbe filta ya hewa ya elfu kadhaa ndo imeziba. Yetu ilikuwa chafu kweli ila haikuwa shida yote. Halafu akawasha injini ikiwa inanguruma taratibu, akachukua spana akawa analegeza nati ya bomba la mafuta la nozo moja moja. Ukilegeza injini ikabadilika sauti, ikaanza kukosakosa, basi ile pistoni ilikuwa inafanya kazi. Alipofika ya tatu akalegeza, injini wala haikushtuka. Ya tano ikashtuka kidogo tu. Kwahiyo bila kutumia hata mia tukajua wagonjwa ni wawili. Hiyo mbinu nimeipenda, ila alinionya isifanywe kabisa kwenye lori hizi mpya za komon reli (bomba moja la presha kubwa linalisha nozo zote, kompyuta inaongoza), mule mafuta yanakaa kwenye presha ya baa 1,600 na kupanda, ukilegeza bomba yanatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, mkono unaweza kukatwa.

Baada ya hapo ndo akazitoa, kila moja kwenye kisahani chake chenye namba. Nikamuuliza kwa nini usiweke pamoja, akaniangalia kama nimeuliza kwa nini watoto hawabadilishani mama. Ndani ya ncha kuna sindano, na sindano na nyumba yake zimesagwa pamoja kiwandani, nafasi kati yake ni ndogo kuliko unywele mara nyingi sana, ukichanganya ya hii na ya ile umeua zote mbili. Nikakumbuka lile beseni nikatoka jasho. Bahati yule kijana hakufungua ndani, alisugua nje tu.

Ana kimashine cha mkono chenye geji. Unafunga nozo, unavuta mpini, unaangalia inafunguka kwenye presha gani na inatemaje. Nzuri inatema ukungu, kama perfyumu, na ina kasauti ka kukwaruza. Namba tatu yetu ilikuwa inachuruza kama kitoto kinakojoa, halafu hata akishikilia mpini chini ya presha ya kufunguka inadondosha matone, na nozo inayodondosha ukiiacha muda mrefu inaweza kuchoma kichwa cha pistoni. Hapo si uchafu tena, kikalio cha sindano kimelika, usafi hauna kazi. Ya tano ilikuwa inatema upande mmoja. Akaiweka chini ya lenzi akaniita niangalie, tundu mbili zimepanuka zimekuwa kama yai. Brashi ya waya. Tundu zile sindano ya kushonea haiingii, we unasugua na waya wa chuma.

Nne zilizobaki zilikuwa zinatema vizuri kiasi, mbili presha imeshuka tu kwa sababu springi imechoka, hiyo anaongeza kipande chembamba cha chuma juu ya springi inarudi. Akaziosha kwenye mashine ya maji inayotetemeka, akazipima tena mbele yangu.

Ndo nikajua kitu ambacho hakuna aliyeniambia huko nyuma: kwenye injini hizi za zamani si lazima uchague kati ya kuosha na kununua nozo nzima. Unaweza kununua ncha peke yake, ule mwili wa juu ukabaki. Ncha mbili za Kijapani 55,000 kila moja, zilikuwepo za 25,000 pia lakini alinifungulia boksi akanionyesha maandishi yaliyopigwa vibaya nikasema hapana. Kupima na kuosha 15,000 kwa moja, zote sita 90,000. Washa mpya za shaba sita 12,000, na hizi hazirudiwi hata kama za zamani zinaonekana nzima, ile chu chu chu ilikuwa moshi wa injini unapenya pembeni ya washa. Kutoa na kufunga 40,000. Jumla 252,000.

Nilimuuliza zingekuwa na hali gani ndo angeniambia nunua sita. Akasema kama tatu au nne zingekuwa zimelika hivi angenishauri nibadili ncha zote, maana ukichanganya mpya nyingi na kuukuu chache injini inakosa ulingano. Na za komon reli ni habari nyingine, zile zinapimwa kwa kuangalia mafuta yanayorudi, kila moja ina namba zake maalumu za kuingizwa kwenye kompyuta ya gari, shemeji yangu aliosha za lori lake mara mbili mwisho akanunua tu.

Malalamiko yangu kwa mzee ni moja, ana foleni. Nilikaa siku mbili, simu hapokei, risiti nililazimika kuandika mwenyewe akasaini.

Chanzo alikitaja bila kuulizwa: kwenye kikombe cha filta alikuta maji na alinusa mafuta ya taa. Dereva akainamisha kichwa. Kumbe walikuwa wanaongezea madumu ya njiani. Mafuta ya taa hayalainishi chuma kama dizeli, sindano inasaga kavu. EWURA, wale wasimamizi wa nishati, walianzisha vinasaba (alama ya siri ya kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya mchezo huohuo lakini dumu la kichakani nani atalipima. Sasa hivi ni kituo kimoja tu, risiti mkononi, na maji ya kikombe yanamwagwa kila Jumatatu.

Safari tatu zimeshapita. Nyang'oro inapanda na gia ya tatu, Mafinga kwenda na kurudi lita 205. Moshi mweupe asubuhi bado upo kidogo, dakika mbili hivi, mzee anasema turekebishe valvu kwanza kabla hatujaanza kuogopa ringi za pistoni. Nimepanga Jumamosi, kama foleni itaruhusu.