Boti ya kwanza ya mke na mume: gonga tezi kabla hujatoa pesa

Dada mmoja wa Fumba, hapa Unguja, kaniandikia akilalamika, na malalamiko yake si ya kwanza kunifikia. Yeye na mumewe wamenunua boti ya faiba, futi 16, rangi mpya inang'aa, mashine inawaka kwa mvuto mmoja. Siku ya kuijaribu, walipofika nje ya mwamba mume akatia moto, na mashine ikaanza kutikisika nyuma yao. Klampu zake zilikaza vizuri. Kilicholegea ni ubao wenyewe wa tezini, yaani nyuma ya boti inapofungwa mashine, uliooza ndani kwa ndani. Wamerudi kwa kafi, mume anapiga, mke ameishikilia mashine kwa kamba ya nanga isije ikazama.

Kwa hiyo leo sitakwambia uangalie urefu, rangi wala idadi ya viti. Macho unayo.

Nataka tuongee tezi. Boti nyingi za faiba si faiba tupu. Pale nyuma inapofungwa mashine huwekwa mbao au plaiwudi, kisha ikafunikwa faiba pande zote. Mtu akitoboa tundu la bolti na asilizibe, maji huingia na hayana pa kutokea. Na maji ya mvua ndiyo mabaya kuliko ya bahari, kwa sababu mbao iliyolowa chumvi haiozi upesi hivyo. Mimi boti iliyolala ufukweni masika nzima bila turubai naiogopa kuliko iliyofanya kazi kila siku.

Gonga kwa mpini wa bisibisi, kuanzia pembeni ukienda katikati. Mbao nzima hulia kavu, ko ko ko. Iliyooza hutoa sauti nzito, ya kufifia. Halafu inueni mashine kama mnavyoiinua mkifika maji machache, mmoja aiegemee kwa uzito wake, mwengine ainame atazame ubao. Ukinesa, hata kidogo, ageni. Mkiwa bado na shaka, mwambieni muuzaji afungue skrubu moja ya chini. Ikitoka na maji ya kahawia au unga wa mbao ulioloa, basi tena. Akikataa kufungua, keshawajibu. Na mkikuta boti nzima imepauka ila tezi peke yake ina rangi ya juzi, msipoteze muda hata wa kugonga.

Sasa nizipange boti zenyewe. Ya kwanza kwangu ni faiba ya futi 14 hadi 16, yenye tezi nzima, na mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 15. Naipendelea Yamaha na sioni haya kusema. Kuanzia Nungwi mpaka Kizimkazi fundi yeyote ataifungua amefumba macho, na plagi au impela ya kusukuma maji ya kupooza utaipata hata kwa kuazima kwa jirani. Uzito wake ni kilo 40 na ushei, watu wawili wanaibeba wakaifungia ndani usiku, maana mashine inayolala ufukweni huamkia kwa mwengine. Kibao cha namba kipo kwenye mkono wa klampu. Kikiwa kimekwanguliwa, hiyo si yake anayekuuzia.

Ila pimeni kimo cha tezi kabla ya kununua mashine. Yenye herufi S ni ya mguu mfupi, inchi 15, na L ni ya mrefu, inchi 20. Mguu mfupi kwenye tezi refu, propela inavuta hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi. Mrefu kwenye tezi fupi, unakwangua matumbawe.

Ya pili ni ngalawa. Haina gharama ya petroli, na matengo yake mawili, yale mabawa ya mbao ya ubavuni, huifanya isipinduke ovyo. Gogo lake huwa la mwembe au msufi, basi tazameni nyufa omo na tezi, yaani mbele na nyuma, na kamba zilizofunga matengo. Kubisha, yaani kugeuza tanga kuukata upepo, kunataka watu wawili wasiogombana, hilo mtajua wenyewe.

Dau au mashua ndogo ya mbao naiweka ya tatu, ingawa za mafundi wa Nungwi ni nzuri kuzitazama. Kuna kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, ya kurudiwa, kuna chini ya kupakwa, na kuna bamvua, siku za maji makubwa. Maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4 siku hizo. Mkichelewa kurudi, chombo kinakaa juu ya mchanga na wawili hamkisukumi.

Mtumbwi uachieni maji ya ndani ya mikoko. Kwa upepo na miamba hii, hapana.

Jaribuni boti siku ya maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, asubuhi, kabla shilingi haijatoka. Ishikeni mashine kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji keshaiwasha ili msijue inavyosumbua ikiwa baridi. Pakieni magunia ya mchanga, endesheni kwa zamu, muizime mbali na ufukwe muiwashe tena. Na maji ya kupooza yasipotoka nyuma, zimeni hapo hapo.

Madalali sasa. Boti moja ina bei tatu: ya mume akija peke yake, ya mke akiwepo, na ya siku watakapojua mmoja wenu ana ndugu Maskati. Jaketi okozi wanakupa kama zawadi, lakini sifongo yake imeshakuwa unga. Kisha ulizeni karatasi za usajili wa Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mtaambiwa zipo Pemba kwa shemeji, zitakuja na meli ya Jumatatu. Mjibuni kuwa pesa nazo zinasubiri meli hiyo hiyo.