Slingi yenye mto wa pembeni: wiki 6 za kumfunga na kumfungua mume wangu

Kwenye boksi kuna picha ya bwana mmoja anatabasamu huku akijivalisha slingi, kifaa cha kubebea mkono mgonjwa, kwa mkono mmoja. Picha hiyo ni uongo. Mume wangu ameivaa wiki 6 baada ya upasuaji wa bega la kulia, na siku zote hizo aliyeifunga na kuifungua ni mimi. Kwa hiyo haya ni maoni ya mfungaji. Mvaaji naye anayo yake, nitayaweka mbele kidogo.

Kano moja kati ya zile za misuli 4 inayolikumbatia bega ilikuwa imeng'oka kwenye mfupa, ikarudishwa na kushonwa. Daktari alitueleza kwamba kano hushikana na mfupa polepole sana, na kwamba wiki za mwanzo mgonjwa asithubutu kuunyanyua mkono kwa nguvu zake mwenyewe, hata kama hasikii maumivu. Ndiyo maana hatukupewa kile kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni tu. Hii ina mto mnene unaokaa kati ya mbavu na mkono, unausogeza mkono mbali kidogo na mwili ili kano isivutike, halafu mkanda wa kiunoni unaushikilia mto usizunguke.

Kwa mto sina neno baya. Haukulegea, haukubonyea, na hata alipokuwa anasinzia kwenye kiti ulibaki pale pale.

Tatizo ni mkanda wa shingoni. Mwembamba, mgumu, na mshono wake unakwaruza. Kufikia siku ya tano mgonjwa alikuwa analalamikia shingo kuliko bega lenyewe. Nikauzungushia taulo dogo, ikawa afadhali, lakini vidole vyake navyo vikaanza kuvimba. Nililala na hofu siku mbili. Kumbe kosa lilikuwa langu, au niseme la karatasi ya maelekezo, maana michoro yake ni midogo kiasi kwamba huwezi kujua kama unaona kiwiko au goti. Mtaalamu wa fiziotherapia aliitazama slingi, akaifungua yote, akaifunga upya kwa dakika moja: kiwiko kisukumwe mpaka kiguse mwisho wa mfuko wa slingi, kisha kamba ya mbele ifupishwe hadi kiganja kiwe juu kidogo ya kiwiko. Mimi nilikuwa nimeacha kiganja kinaning'inia chini. Akatukumbusha pia kwamba vidole, kifundo cha mkono na kiwiko havijafanyiwa upasuaji, basi vichezeshwe mara nyingi kwa siku kama tulivyoelekezwa. Uvimbe ulipungua, na shingo nayo ikapata nafuu kwa sababu uzito sasa ulikuwa umegawanyika na kiuno.

Kile kitanzi cha kidole gumba nilikuwa nimekidharau, nikadhani ni urembo. Kinazuia kiganja kisidondoke. Usikikate. Kuna na kimpira laini cha kuminya, kimefungwa kwa uzi. Hicho ndicho kitu pekee mume wangu alichokipenda, akikiminya kutwa kama mtu mwenye kinyongo nacho.

Usiku ndipo slingi inapimwa kweli. Tuliporudi nyumbani mkono ulikuwa bado umekufa ganzi, sauti yake imekwaruza na kope la upande ule limelegea kidogo. Tulikuwa tumeonywa kwamba sindano ya ganzi ya shingoni inaweza kufanya hivyo, kwa hiyo tulicheka. Kicheko kiliisha alfajiri ganzi ilipotoka, maana alikuwa ameruka dawa akidai haumwi. Mezeni dawa zenu kwa saa mlizopangiwa, kabla ganzi haijaondoka. Kuyafukuza maumivu yakishapanda ni kazi nyingine. Baada ya hapo alilala akiwa ameegemea mito, nusu ameketi, slingi mwilini na mto mdogo chini ya kiwiko kisianguke nyuma. Na zile kamba za kunata! Ukizibandua saa 8 usiku zinalia kraaa, nyumba nzima inaamka.

Kitambaa kinatunza joto. Wiki ya pili kwapa lilianza kuwasha, ngozi ikawa nyekundu. Tuliloruhusiwa kufanya ni hili: avuliwe slingi, ainame mbele akishika meza kwa mkono mzima, mkono mgonjwa uning'inie wenyewe kama mkonga wa tembo, nami nipitishe kitambaa chenye maji na kukausha kabisa. Mkao huo huo ndio wa zoezi lake la kwanza, kuyumbisha mkono polepole bila kutumia misuli ya bega. Tangu hapo ndani ya slingi akavaa shati jepesi la pamba lenye vifungo mbele. Kuvaa, unaanza na mkono mgonjwa. Kuvua, unamaliza nao. Nilijifunza hilo baada ya kumtoa machozi mara moja, na hajanisamehe.

Mvaaji anasema ni kama kubeba mtoto asiyekubali kuwekwa chini. Anaipa nyota 2. Mimi naipa 3: mto ungepata 5 peke yake, mkanda wa shingoni 1, na aliyechora maelekezo simpi kitu. Anayeishi peke yake aombe afundishwe kuivaa kabla ya siku ya upasuaji, mikono yote miwili ikiwa bado inafanya kazi.

Wiki ya 6 tuliambiwa aanze kuiacha taratibu, kwanza ndani ya nyumba. Siku ya kwanza bila slingi mkono ulibaki umekunjwa tumboni, kiganja kimetulia pale pale kilipozoea, mpaka nikamwambia, "Baba, mfuko haupo." Mazoezi ya kutia nguvu bado, hayo tumeambiwa ni baada ya wiki 12 hivi. Slingi yenyewe nimeifua kwa mkono na kuianika. Kamba zake zimejaa nyuzi na hazishiki tena vizuri, nadhani wiki ya 7 isingefika.