Vidonge vya bakteria "vya kusafisha ini": miezi mitatu ya kuvitumia

Nina mafuta kwenye ini, kwa hiyo vidonge hivi vya bakteria wazuri nilivinunua kwa matumaini ya kweli. Tumbo limetulia, gesi imepungua. Kwa hilo nawapa haki yao. Lakini kopo linasema "husafisha ini", na hapo nakataa. Ini si sufuria ya kusuguliwa. Karibu robo tatu ya damu yake hutoka utumboni, na ndani yake zimekaa seli za Kupffer, askari wa kinga wanaomeza bakteria na mabaki yao yaliyopenya. Ukuta wa utumbo ukivuja, askari hao huchokozwa mfululizo, uvimbe unawaka, na uvimbe usiokoma huacha makovu. Kwa hiyo wazo la kuwatunza bakteria wa tumboni lina msingi, tena mkubwa.

Ila nimeligeuza kopo pande zote: idadi ya bakteria ipo kwa herufi kubwa, aina yao haipo popote. Daktari wangu alilisoma, akalirudisha mezani; bila kujua aina, angeshauri nini? Vipimo vyangu vya ini vilianza kushuka nilipopunguza uzito, si kabla. Kopo la pili bado lina lakiri yake.