Mabakuli mawili ya Irish stew: la Dublin na la Galway

Nianze na lile bovu. Novemba nilikuwa Dublin kikazi, manyunyu tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi. Nikaingia baa moja karibu na mto Liffey iliyoweka ubao nje kwamba wanauza Irish stew ya asili, ule mchuzi wa nyama na viazi wa Ireland. Hilo neno "asili" lilipaswa kunishtua, lakini mwenye njaa hana miiko. Yuro 19. Likaja bakuli la rojo zito la kahawia: nyama ya ng'ombe, karoti tele, na harufu ya bia nyeusi. Viazi vilikuwa vigumu katikati, dalili kwamba vilitiwa dakika za mwisho. Kulika kunalika, ila nilichoagiza sicho nilicholetewa. Na wewe usiyegusa pombe, uliza kabla ya kuagiza, maana mchuzi wa ng'ombe kwenye baa nyingi za huko hupikwa kwa Guinness, bia yao nyeusi, na mhudumu hatakwambia asipoulizwa.

Wiki iliyofuata nikawa Galway, magharibi kabisa. Mama niliyepanga chumba kwake alicheka mpaka akashika kiuno nilipomsimulia, akanielekeza baa ndogo nje ya mji ambako wanapika kwa kondoo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mchuzi wenyewe ni mweupe! Mweupe wa maji ya mchele, na vitone vya mafuta vinaelea juu. Nyama haikaangwi kwanza, ndiyo maana haina rangi. Ndani kuna shingo ya kondoo na mifupa yake, viazi, vitunguu, maji, chumvi na pilipili manga, kisha majani mabichi yaliyokatwakatwa juu. Basi. Hakuna unga wa kuuzitisha. Kazi hiyo wameachiwa viazi: vingine hukatwa vyembamba na kutandikwa chini ya sufuria vivurugike kabisa, vingine huwekwa juu vizima. Nilibonyeza kimoja kwa mgongo wa kijiko, kikapasuka kama mhogo mzuri wa kuchemsha, ungaunga wake ukayeyukia kwenye mchuzi. Nyama ikachomoka kwenye mfupa bila kisu.

Nilipouliza habari za karoti nilijuta. Mzee wa meza ya jirani akasema ni haramu, mpishi akasema mama yake alitia miaka yote, wakaanza kutupiana maneno. Nikajiona niko nyumbani, watu wanagombania nyanya kwenye pilau.

Kondoo ana sababu yake. Zamani kondoo alifugwa kwa ajili ya sufu na maziwa, hivyo aliyefika sufuriani alikuwa mzee na nyama yake ngumu. Nyama hiyo haitaki moto mkali, inataka saa nyingi za moto mdogo, na nyumba za mashambani zilikuwa na chungu kimoja cha chuma kinachoning'inia juu ya moto wa mboji, yaani udongo wa kinamasi uliokaushwa ukawashwa kama kuni. Hata hivyo usidanganywe na picha za ukutani kwamba kila maskini wa karne ya 19 alikula hivi. Wengi walikula viazi na mtindi tu, nyama ilikuwa bahati. Ndiyo maana ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845 nchi ilianguka: hadi 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine kama milioni wamehama. Waliohama walikwenda na mapishi haya, wakapika kwa nyama waliyoipata huko. Kwa hiyo lile la ng'ombe nalo lina ukoo wake, ingawa mimi silitetei. Inachekesha kwamba sisi nasi, hasa Uganda na Rwanda, ukisoma menyu utakuta viazi mviringo vimeandikwa "Irish" tu.

Kasoro za bakuli zuri zipo. Kwa ulimi uliozoea tangawizi na ndimu, limepooza. Nilikuwa na kichupa changu cha pilipili mkobani, nikatia. Mhudumu akanitazama kama mtu aliyemwona mgeni akitia sukari kwenye samaki. Alikuwa na haki, pilipili ilifunika ladha yote ya viazi. Halafu ukizungumza sana mafuta ya kondoo yanaganda na kukushika mdomoni, kwa hiyo kula likiwa la moto. Mkate wao wa magadi, mweusimweusi, unaokandwa kwa mtindi bila hamira, pakaa siagi uchovyee. Huo peke yake ungenitosha.

La Dublin nalipatia nyota mbili kati ya tano, moja ikiwa ya joto la chumba. La Galway nne na nusu, yuro 16, na mkate juu. Nenda kabla ya saa saba mchana. Siku ya pili nilifika saa nane na robo nikakuta sufuria imeshaoshwa.