English Comp au Litricha, semesta hii uchukue ipi?

Nyie mlioanza community college (chuo cha miaka miwili) huku Marekani hili swali haliishi: English Comp, yaani English Composition, kozi ya kuandika insha, au Litricha, kozi ya fasihi. Ada haina tofauti, kozi zote mbili kwa kawaida ni krediti 3, kinachobadilika ni vitabu tu, na hapo litricha inaweza kukubana maana antholojia mpya (kitabu cha mkusanyiko wa kazi za fasihi) ni ghali jamani, ingawa mashairi na hadithi nyingi za zamani zipo bure kwenye intaneti.

Muda sasa. Comp unaandika, unarudishiwa, unaandika tena, drafti juu ya drafti, vyanzo lazima uvitaje kwa MLA (mtindo maalumu wa kuonyesha ulikotoa habari), na mwalimu hatishwi na misamiati mizito, anataka hoja yako na ushahidi wake. Kwa sisi tuliozoea insha ya mtihani, unaandika mara moja unakabidhi, hii inachosha kwelikweli. Litricha unaandika kidogo ila unasoma mpaka macho yanauma, na usiposoma, darasani unajulikana tu. Ila kama sekondari ulichambua riwaya na tamthilia, hapo umeshapiga hatua.

Kuhamisha krediti kwenda chuo kikuu, comp inashinda, vyuo vingi wanaidai mwaka wa kwanza, Harvard walishaifanya hivyo tangu 1885. Litricha mara nyingi inaingia kwenye humanities (kundi la masomo kama fasihi, historia na falsafa) na vyuo vingine wanataka upite comp kwanza.

Unaenda unesi au IT? Anza na comp. Sheria au ualimu, litricha itakufaa sana baadaye. Na kama unapiga shifti za usiku, zote mbili semesta moja, hapana.